Shule zikifungwa tena: tunachokumbuka Juru kuhusu masomo ya mtandao

Juzi kwenye kundi letu swali moja lilitugawa: shule zikifungwa tena, zitoe masomo ya moja kwa moja kwa mtandao? Wengine walisema ndiyo papo hapo. Wengine walicheka tu. Tukaona kabla ya kugombana tukumbuke kwanza ilikuwaje, maana wadogo zetu wanaosoma P.4 leo hawaijui hiyo habari.

Shule zote za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya Korona. Walisema ni siku 30. Wanafunzi kama milioni 15 wakabaki nyumbani. Tarehe 15 Oktoba mwaka huo madarasa ya mtihani, kama P.7, S.4 na S.6, yaliruhusiwa kurudi. Mwaka 2021 madarasa mengine yakaanza kurudi kidogo kidogo, halafu tarehe 7 Juni 2021 yote yakafungwa tena. Mlango ulifunguliwa kwa kila mtoto tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! UNESCO walihesabu wiki 83, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule muda mrefu hivyo.

Si kweli kwamba serikali ilikaa kimya. Kulikuwa na masomo kwenye redio na televisheni, kulikuwa na karatasi za mazoezi zilizochapishwa kwenye magazeti na nyingine zilizogawiwa vijijini. Lakini kwetu televisheni ilikuwa ya watu wachache, gazeti likifika limeshafungia mandazi, na redio ilisema Kiingereza na Kinyankole. Mtoto aliyetoka Kongo au Burundi mwaka uliopita, anayejua Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi tu, angeshika nini hapo?

Mtandao ndio ulikuwa mbali zaidi. Si mnakumbuka? Kuanzia Julai 2018 mtu alilipa shilingi 200 kwa siku ili afungue WhatsApp au Facebook, hapo bado hajanunua bando. Julai 2021 ile kodi iliondolewa, lakini bando lenyewe likawekewa kodi ya asilimia 12. Na Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Zaidi ya hayo kulikuwa na tumbo. Aprili 2020 WFP ilipunguza posho yetu kwa asilimia 30, na Februari 2021 ikabaki asilimia 60 tu ya ile kamili. Mama akiwa na shilingi elfu mbili mkononi, anunue unga au MB? Hatumlaumu aliyenunua unga.

Mwenzetu mmoja wakati ule alikuwa anasoma sekondari Mbarara, akarudi Juru lokdauni ilipoanza. Shule yake, ambayo hatuitaji jina, ikaanza kufundisha kwa Zoom. Nyumbani kulikuwa na simu moja ya kugusa, ya baba, na baba anaihitaji kutafuta vibarua. Siku akiipata, anapanda mlimani kutafuta netiweki. Mwalimu anaonekana, anasema maneno mawili, anaganda. Bando linaisha kabla ya mfano wa kwanza. Jamaa alihudhuria masomo matatu katika miezi miwili. Aliporudi darasani aliambiwa zile sura zimeshafundishwa, wanaendelea mbele. Wenzake wa mjini, wenye Wi-Fi nyumbani, walikuwa wameshamaliza daftari. Yeye alianza muhula akiwa mjinga wa vitu ambavyo hakuna aliyemfundisha.

Hapo ndipo penye kidonda. Yaani somo la mtandao halikumdhuru yeye kwa kuwepo. Lilimdhuru pale lilipohesabiwa kwamba limefundishwa kwa wote.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1937 mji wa Chicago, Marekani, ulichelewa kufungua shule kwa sababu ya ugonjwa wa polio. Walimu wakafundisha kwa redio, vipindi vya dakika 15, na magazeti yakachapisha ratiba na maswali. Watoto zaidi ya 300,000 walihusika. Hata huko, mji tajiri, kulikuwa na nyumba zisizo na redio, na wengine walilalamika kwamba mwalimu anakwenda mbio na huwezi kumsimamisha umuulize. Miaka karibu 90 imepita na malalamiko ni yale yale.

Lakini kuna mfano wa karibu zaidi, na wa lugha yetu. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya afya kwa redio, iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na wengi hawakuwa na redio zao. Walikaa katika vikundi, redio moja katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi aliyepewa mafunzo kidogo. Kipindi kikiisha, wanajadiliana, wanaulizana, kisha wanakwenda kuchimba choo au kufyeka nyasi. Redio ilileta maneno, lakini aliyefanya yaingie kichwani ni mtu aliyekaa pale pale.

Sisi tulifanya kitu kidogo kama hicho bila kujua hiyo historia. Lokdauni ilipolegea, waliomaliza S.4 na wale waliokuwa walimu Kongo na Burundi waliita watoto watano au sita chini ya mti, wakiwa wametengana. Mmoja anapokea sauti ya mwalimu kwenye WhatsApp, anaiweka mara mbili, anaeleza kwa Kiswahili, wanafanya hesabu kwenye kaye. MB chache, simu moja, watoto sita. Hakuna aliyewalipa wale walimu. Baadhi ya watoto waliorudi shule Januari 2022 ni wale wa chini ya mti. Kuna wasichana waliorudi wakiwa na watoto mgongoni, na kuna ambao hawakurudi kabisa.

Basi jibu letu ni hili. Shule ikiweza kufundisha moja kwa moja kwa mtandao, ifundishe. Kumnyima wa mjini hakumshibishi wa Juru. Lakini iweke masharti matatu. Kwanza, kila somo lirekodiwe kwa sauti nyepesi na litumwe, ili aliyekosa saa nne asikilize usiku simu ikirudi nyumbani. Pili, ratiba iwe na vikundi vya jirani na mtu wa kuviongoza, anayejua lugha ya watoto. Tatu, shule ikifunguliwa, kisihesabiwe kimefundishwa kitu ambacho nusu ya darasa haikukisikia.

Kwa ninyi mnaofanya kazi na mashirika, tunawaheshimu na tunaomba kitu kimoja. Mradi ukija, msianze na vishikwambi. Anzeni na wale walimu wa chini ya mti, muwape posho na chaji ya sola. Kifaa kinaharibika, lakini mwalimu jirani anabaki.

Na msiseme Korona imeisha. Novemba 2022 shule zilifungwa wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu ya Ebola. Hatukupewa miaka ya kujiandaa, tulipewa siku. Ile miti bado ipo, na wale walimu wengi bado wapo Juru, wanalima. Twendeni tukaandike majina yao sasa, shule zikiwa bado wazi.