Kituo cha Majaribio ya Ndege na Silaha, Boscombe Down

Kituo hiki cha kijeshi cha Uingereza, kilichoanza kazi Martlesham Heath mwaka 1917 na kuhamia Boscombe Down Septemba 1939 vita vilipozuka, husifiwa zaidi kwa ujasiri wa marubani wake. Uzito wake hasa ulikuwa kutofungamana na muuzaji. Kiwanda kilikuwa kimekwisha kuirusha ndege. Kituo kiliuliza kama rubani wa kawaida, akiwa na shehena kamili ya mabomu na mafuta, angeimudu. Wapo wanaoona huko ni kurudia kazi. Hoja hiyo haisimami: muuzaji hawezi kuwa hakimu wa bidhaa yake, na rubani wa kiwanda huizoea ndege hata asizione kasoro zake. Ujasiri bila mafunzo, tena, uliua. Ndiyo maana mwaka 1943 ilianzishwa hapo shule ya kwanza duniani ya marubani wa majaribio.