Wachwezi Wasio na Kaburi: Habari ya Buswezi katika Shinyanga na Geita

Mfu ana kaburi, na kaburi lina wenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya mizimu ya jadi katika Usukuma: babu huwadai wajukuu wake, na wajukuu humlipa babu yao. Lakini katika nchi hiyo hiyo, toka Shinyanga mpaka machimbo ya Geita, walijulikana kwa vizazi vingi viumbe wengine wasioonekana ambao hawana kaburi, maadamu hadithi yasema kwamba hawakufa bali walitoweka. Hao ni Wachwezi. Na chama cha watumishi wao katika Usukuma na Unyamwezi huitwa Buswezi. Habari yao yamhusu mwanafunzi wa historia, kwa kuwa yauliza swali gumu: mtu wa hadithi awezaje kuwa bwana wa watu walio hai, na utumishi huo huzaa nini?

Chimbuko la hadithi ni Kitara, ufalme wa kale unaosimuliwa katika magharibi ya Uganda. Mfalme Tito Winyi wa Bunyoro aliandika habari zake katika jarida la Uganda kati ya 1935 na 1937, akijificha nyuma ya herufi K.W.; naye John Nyakatura alizitolea kitabu mwaka 1947. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mfalme Isaza alivutwa kwa hila mpaka kuzimu kwa Nyamiyonga, asirudi tena. Mlinzi wa lango lake, Bukuku, akashika nchi. Bukuku alitabiriwa kwamba mtoto wa binti yake atamwua. Akamfungia binti huyo, Nyinamwiru, asipate mume. Lakini Isimbwa, mwana wa Isaza aliyezaliwa kuzimu, alimfikia, na akazaliwa Ndahura, aliyemwua babu yake na kuurudisha ufalme. Baada yake alitawala Wamara. Siku moja palichinjwa ndama, na alipopasuliwa hakuonekana na matumbo. Waaguzi wakasema kwamba enzi imekwisha. Wachwezi wakaondoka pamoja na ng'ombe wao, na hakuna aonyeshaye walipozikwa.

Je, walikuwako? Wanazuoni wamegombana sana juu ya jambo hili. Huko Bigo, katika Uganda, yako mahandaki makubwa ya kale, ambayo urefu wake kwa jumla unazidi kilomita 10. Wenyeji na wasomi wengi waliyahesabu kuwa kazi ya Wachwezi. Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957, na Merrick Posnansky akafuata mwaka 1960. Udongo ulishuhudia kuwa walikuwako watu wengi, wenye ng'ombe na wenye nguvu ya kuamrisha kazi. Lakini udongo hautaji majina. Mwaka 1958 Christopher Wrigley alitoa hoja kwamba Wachwezi si wafalme waliogeuzwa miungu, bali ni miungu iliyovikwa mavazi ya wafalme. Hoja hiyo haijakubaliwa na wote, wala haijabomolewa kabisa.

Hata hivyo, aliyetafuta Wachwezi katika mahandaki aliwatafuta mahali pamoja tu. Wao wenyewe walikuwa wamekwisha kusafiri. Ibada yao ilienea katika Karagwe na Buhaya, ikaingia Uzinza, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Geita, ikapita Usumbwa, ikafika Usukuma na Unyamwezi. Katika safari hiyo kila mmoja alipewa kazi yake: kandokando ya ziwa Mugasha alikuwa bwana wa maji na dhoruba, kwingine Lyangombe, mwindaji, alipanda juu kupita wenziwe. Hadithi ya Rwanda yasema kuwa Lyangombe aliuawa na nyati mawindoni, naye kabla ya kukata roho akaagiza aheshimiwe na watu wote, Mtutsi, Mhutu na Mtwa.

Svein Bjerke aliandika juu ya Wachwezi wa Uzinza katika kitabu cha mwaka 1981, na Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, alitoa makala juu ya Buswezi mwaka 1955. Katika maandishi ya namna hii, na katika uchunguzi wa Iris Berger juu ya ibada za nchi za maziwa, huonekana mambo yanayofanana. Mara nyingi mtu aliingia kwa sababu ya ugonjwa au msiba uliomshinda. Alifundishwa maneno ya siri na adabu za chama, akahesabiwa kuwa amezaliwa upya. Ngoma ilipolia, Mchwezi alimpanda, naye akasema na kutenda kama yule wa hadithi. Lugha ya pwani ina neno zuri kwa mtu wa namna hii: huitwa kiti. Mwenye kuketi huja na kuondoka, na kiti hubaki kuwa mtu yule yule, mwenye jina lake na jamaa zake.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya mtu wa hadithi. Mzimu wa babu hauwezi kuabudiwa na jirani asiye wa ukoo, lakini Ndahura na Lyangombe hawakuwa mali ya ukoo mmoja. Mgeni, mke aliyeolewa mbali na kwao, mtu aliyehama kutafuta malisho, hao wote hawakuweza kubeba makaburi yao, lakini waliweza kubeba hadithi. Berger ameonyesha kwamba wanawake walipata katika ibada hizi heshima na mamlaka waliyonyimwa katika baraza za kawaida. Si kusema kwamba Buswezi ulikuwa mambo matupu ya huruma: kuingia kulikuwa na gharama, na siri zake zilitiwa hofu. Lakini ulikuwa na wakubwa wanaojulikana, na kanuni za kumfunga mkubwa na mdogo.

Wala mlango wa hadithi haukufungwa na wakati mpya. John Beattie, aliyefanya utafiti katika Bunyoro katika miaka ya 1950, alikuta pepo wapya wameketi karibu na Wachwezi: pepo wa Uzungu, pepo wa ndege, pepo wa vifaru vya vita, hata pepo wa Upolandi, kwa kuwa wakimbizi wa Poland waliwekwa huko wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ng'ambo nako mambo hayakuwa mbali na haya. Mwaka 1972 kundi moja huko Toronto, Kanada, lilitunga maisha ya bwana wa Kiingereza wa karne ya 17, likamwita Philip, likaketi mezani kumwita. Baadaye likatangaza kwamba amejibu kwa kugonga meza. Tena toka miaka ya 1970 wako watu wa Uingereza na Marekani wafanyao ibada kwa viumbe waliobuniwa na H. P. Lovecraft, mtunzi wa hadithi za kutisha, huku wakijua vema kwamba ni vya kubuni.

Kwa hiyo kuuliza tu kama mtu wa hadithi alikuwako hakutoshi. Yafaa kuuliza pia: ni nani anayeketi, na ni nani anayekaliwa? Katika Buswezi mtu humpa mhusika mwili wake kwa kitambo, kisha hujirudia. Iko njia nyingine, nayo ni ya hatari: kumvika mtu aliye hai vazi la hadithi asiloliomba, na kumkataza kulivua.

Historia yenyewe imetenda kosa hilo. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha dhana yake kwamba watawala wa nchi za maziwa walitoka kwa wavamizi wa Kihamu kutoka Uhabeshi. Waandishi waliomfuata waliwageuza Wachwezi kuwa wageni weupe, na Watutsi wakafanywa jamaa wa wageni hao. Lyangombe alikuwa amewaita watatu katika ibada moja. Mhamu wa vitabuni aliwatenganisha, na mwaka 1994 waenezaji wa chuki katika Rwanda walikuwa bado wakimtumia.

Shinyanga na Geita nazo zimeonja uchungu huo. Mgodi wa Geita ulifanya kazi toka 1936 mpaka 1966. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika katika nchi yote ya dhahabu, wengi wao wakiwa mbali na makaburi yao. Kisha migodi mikubwa ikafunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Dhahabu ni mali ya bahati, na bahati hutafuta mganga. Ulikuwako usemi kwamba watu wenye ualbino hawafi bali hutoweka, maneno yale yale yaliyosemwa juu ya Wachwezi. Waganga fulani waliongeza kwamba viungo vyao huleta utajiri. Na kuanzia 2007 mauaji yakatikisa Kanda ya Ziwa. Januari 2009 serikali ilipiga marufuku kazi za waganga wa jadi, na Septemba ya mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto mwenye ualbino.

Tazama jinsi neno moja lilivyozaa matunda mawili. Liliposemwa juu ya Ndahura na Wamara, kutoweka kulimpa mgonjwa mlezi asiyebagua ukoo. Liliposemwa juu ya mtoto wa jirani, lilimwondoa katika hesabu ya wanadamu, hata akaweza kuwindwa kama asiye na kaburi wala mwenye kumlilia. Wachwezi waweza kukosa kaburi bila hasara kwa mtu yeyote. Mtoto yule hufa kama wafavyo watu wote, na kaburi lake lina wenyewe.