Kengeleni, Mahali Pasipo na Kabila

Makanga wa matatu za Kisauni hana muda na historia. "Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?" Abiria anagonga bodi, gari linasimama, watu wanashuka, maisha yanaendelea. Mimi mwenyewe nimeshukia pale miaka mingi kabla ya kujiuliza kengele yenyewe iko wapi. Kumbe iko palepale kando ya barabara, katikati ya vibanda na kelele za bodaboda.

Mwaka juzi, nikiwa nimeshaacha chuo na natafuta kibarua chochote cha kuandika, nilipata kazi ya kujaza fomu za kukadiria thamani ya maeneo ya kihistoria ya Pwani. Fomu ilikuwa na visanduku: umri wa jengo, aina ya ujenzi, hali yake sasa. Halafu kimoja kikasema "Thamani kwa jamii", uchague juu, wastani au chini. Na chini yake, "Jamii husika".

Sehemu nyingine hazikunisumbua. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Misitu ya Kaya ina wenyewe, Wamijikenda, na iliingia orodhani 2008. Lamu iliwatangulia wote, 2001. Lakini nilipofika Frere Town, yaani Kengeleni na mitaa inayoizunguka, kalamu ilisimama. Jamii husika ni ipi?

Tuanze na tunachojua. Mwaka 1872 Waingereza walimtuma Sir Bartle Frere Unguja, na mwaka 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Manowari zikaendelea kukamata majahazi. Sasa watu waliomo wapelekwe wapi? Mwaka 1875 wamishonari wa CMS wakaanzisha kijiji bara, ng'ambo ya maji ukitoka Mji wa Kale wa Mombasa, wakakipa jina la Frere. Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi wakashushwa hapo. Wakakuta wenyeji wa aina yake: Waafrika waliookolewa zamani wakiwa watoto, wakasomeshwa India, kisha wakarudishwa huku kuwa walimu na mafundi. Wawili wao, Ishmael Semler na William Jones, walipewa ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885.

Kengele, wazee husimulia, ilikuwa ya kuonya. Ikilia wakati usio wake, ujue wakamata watumwa wanakuja.

Haikuwa peponi. Kulikuwa na sheria kali, na viboko pia. James Mbotela, mtoto wa mmoja wa waliookolewa, aliandika habari zao katika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka 1934, na wasomi wamekikosoa kitabu hicho kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Sawa. Lakini bila Mbotela tungebaki na barua za wamishonari tu.

Nyanya yangu mzaa mama ni wa huko. Ukimuuliza kabila, anakujibu, "Mimi wa Misheni, mjukuu wangu." Ukimsukuma kidogo anaongeza kwamba babu yake aliletwa na manowari akiwa mtoto mdogo, na jina la kwao hakulikumbuka. Mama alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimuuliza kabila. Mama akasema Frere Town. Karani akacheka: "Hiyo si ni steji ya matatu?" Akamwandika Mgiriama, mambo yakaisha. Nyumbani tulikuwa tunaicheka hadithi hiyo. Siku ya ile fomu sikucheka, manake mimi ndiye niliyekuwa karani.

Tangu 1979, Mkataba wa Burra wa kule Australia umekuwa ukiwaambia wataalamu kwamba mahali pana thamani ya uzuri, ya historia, ya sayansi na ya jamii. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu huwezi kuipima kwa futi. Mimi naona swali lake ni hili: pakiondolewa hapa, nani ataumia, na ataumia kiasi gani? Ukoo uliopoteza lugha, majina na makaburi ya mababu hauna pengine pa kurudi. Kwa watu wa Frere Town, kanisa la Emmanuel, makaburi yao na ile kengele ndivyo vinavyofanya kazi ya ukoo. Hapo ndipo watu wasiojuana walipooana wakawa ndugu.

Tena fomu ilikosea kutenganisha. Kina nyanya walikuwa na wenzao: watoro waliokimbia mashamba ya mabwana wa Mombasa na Malindi wakajificha misheni, hasa Rabai. Mwaka 1889 Kampuni ya Imperial British East Africa ililipa fidia ili watoro wapatao 1,400 waachiwe huru. Kwa hiyo huwezi kuusifu Mji wa Kale kwa milango yake ya nakshi halafu Frere Town ukaiweka kwenye ukurasa mwingine, kana kwamba ni habari tofauti. Ni historia moja inayotazamwa kutoka kingo mbili za maji yaleyale.

Niliandika "juu". Kwenye "Jamii husika" nikaandika: "Watu wa Frere Town, wajukuu wa waliookolewa na wa waliotoroka." Fomu iliporudi kutoka kwa wakubwa, walikuwa wamekata wakaandika "mchanganyiko", na thamani ikawa "wastani".

Pesa nilizipokea, sikatai, nilikuwa na deni la nyumba. Lakini jibu langu ni lile la kwanza. Nyanya bado yuko, na wazee wa rika lake wanazidi kupungua. Kama na wewe una mzee wa Misheni nyumbani, mwulize jina la aliyeletwa na meli, uliandike mahali. Fomu ijayo ikija, karani asikute pamoja tupu.