Mtu wa Nzige na Ndege wa Kisiwani

Ukitoka Malangali, mjini Sumbawanga, ukashika barabara ya Ntendo kwenda Muze, uwanda wa Ufipa hukatika ghafla. Nyuma unaacha mashamba ya mahindi na ulezi pamoja na baridi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mbele, karibu mita 1,000 chini yako, limetandazwa bonde la Ziwa Rukwa. Ukingo huo ndio Lyamba lya Mfipa. Niliushuka nikifuata nyayo za mtu aliyekuja huku kwa ajili ya nzige, na habari zake zikanifikisha kwenye swali jingine kabisa: kwa nini ndege wa aina moja aangue madume hapa, na majike pale?

Mtu huyo ni Desmond Vesey-FitzGerald, mtaalamu wa wadudu. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walikuwa wamefyeka mashamba katika sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika. Ikabainika kuwa makundi yao huanzia kwenye mbuga chache zinazofurika maji, Rukwa ikiwa mojawapo. Mwaka 1949 shirika la kimataifa la kuwadhibiti likaweka makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya. Vesey-FitzGerald alilitumikia shirika hilo kwa miaka mingi. Alilipwa kwa kazi ya nzige, lakini macho yake hayakuishia hapo. Mwaka 1960 alichapisha makala iliyoeleza jinsi wanyama wa bonde hili wanavyopokezana malisho: tembo na nyati hutangulia kukanyaga na kula nyasi ndefu, kisha nyamera na wenzake hufuata kwenye majani mafupi yanayochipua. Wanaikolojia huitaja hadi leo.

Kabla ya Rukwa, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa Shelisheli. Huko kazi yake ilikuwa kutafuta wadudu wa kupambana na wadudu magamba waliokuwa wakinyonya minazi. Hapo pia aliinua macho, na mwaka 1940 jarida la Ibis likatoa makala yake kuhusu ndege wa visiwa hivyo. Kati ya ndege wa huko yumo shoro wa Shelisheli, kandege ka kahawia kasichovutia macho, kanakookota wadudu chini ya majani. Minazi ile ile aliyoitwa kuiponya ndiyo iliyokuwa imemnyang'anya shoro msitu wake. Kufikia miaka ya 1960 shoro walikuwa wamebaki kisiwa kimoja tu duniani, Cousin, chenye hekta 29, na idadi yao haikufika 30.

Mwaka 1968 kisiwa kilinunuliwa na baraza la kimataifa la kuhifadhi ndege. Minazi ikaachiwa nafasi ndogo, msitu wa asili ukarudi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 shoro walikuwa wapata 320. Kisiwa kikajaa. Kijana aliyekomaa hakuwa na pa kuanzisha maskani, hivyo wengi walibaki kwa wazazi, hasa majike, wakisaidia kulalia yai na kulisha kinda, kama binti mkubwa anavyombeba mdogo wake mgongoni.

Mholanzi Jan Komdeur alianza kuwafuatilia mwaka 1985, kila ndege akiwa na pete za rangi mguuni. Shoro hutaga yai moja tu kwa kawaida, kwa hiyo kukosea jinsia ni hasara. Penye wadudu wengi, msaidizi mmoja au wawili huongeza makinda yanayopona. Penye wadudu haba, msaidizi huyo huyo anakula chakula cha wenye nyumba. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 1997 vikaonyesha jambo la kushangaza. Katika himaya duni, asilimia 77 ya makinda yalikuwa madume, ambao huondoka wakikua. Katika himaya nono zisizo na msaidizi, madume walikuwa asilimia 13 tu. Jozi zilizohamishwa kutoka himaya duni kwenda visiwa jirani vyenye wadudu tele ziligeuka, kutoka asilimia 90 ya madume hadi asilimia 85 ya majike. Inawezekana kwa sababu kwa ndege jinsia huamuliwa na yai la mama, si mbegu ya baba kama kwa binadamu.

Kwenye miombo ya mteremko wa Muze niliwakuta goregore, weusi wanaong'aa kijani, midomo mirefu myekundu, wakipiga kelele za kicheko huku wakichokoa magome ya mti mmoja kama kundi. Nao hulea kwa ushirika, madume kwa majike. Huko Naivasha, Kenya, David na Sandra Ligon walianza kuwachunguza mwaka 1975, na mwaka 1990 wakaripoti kuwa makinda ya kike ndiyo huanguliwa kwa wingi zaidi. Laikipia, Dustin Rubenstein alikuta kwamba kwenzi hawajali unono wa himaya wala idadi ya wasaidizi. Mvua za kabla ya kutaga zikiwa nzuri, mama akiwa na afya, majike huongezeka. Ukame ukija, madume huongezeka.

Mwaka 2017 watafiti walipokusanya tafiti za ndege wengi wanaolea kwa ushirika, hawakupata kanuni moja inayowafunga wote. Shoro wa Cousin ni mfano wenye nguvu kupindukia, na pengine nguvu hiyo inatokana na udogo wa kisiwa: hakuna pa kukimbilia, na mtafiti anamjua kila ndege. Bara, penye nafasi ya kuhama na mvua zisizotabirika, mambo mengine humtawala mama.

Kwa hiyo atakayetaka kuwauliza goregore wa Ufipa swali hili asianze na hesabu ya madume na majike. Aanze kama alivyoanza mtu wa nzige kwenye bonde hili: atazame kwanza ardhi ina chakula gani, nani anabaki nyumbani na nani anaondoka. Kinda lina thamani gani kwa wazazi wake, jibu limo humo.