Uchafu ulitangulia: stori ya silikoni

Najua nimepotea, lakini wenyewe mnajua wiki za test zilivyo. Leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kantini. Leo ni historia ya fizikia, na nyie wa Arts msikimbie, hakuna fomula ya kutisha humu.

Nilipokuwa field nilipewa Form Four, mada ya elektroniki. Nikaandika ubaoni kama vitabu vyote vinavyoandika: kwanza semikondakta safi, halafu iliyotiwa uchafu, aina ya n na aina ya p. Binti mmoja dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, kama walishaipata safi, nani aliwaza kuichafua?" Jamani, lile ndilo swali bora nililoulizwa field nzima. Jibu ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na silikoni safi mkononi akakaa akaamua kuichafua. Uchafu ulikuwemo tangu mwanzo. Usafi ulikuja nyuma yake, tena kwa jasho. Vitabu vyetu vimeipindua historia juu chini.

Kwanza tuwekane sawa. Atomu ya silikoni ina elektroni 4 za nje, na kila moja imeshikana na ya atomu jirani. Sentimita moja ya ujazo ina atomu kama 5 yenye sifuri 22 mbele yake. Lakini kwenye joto la kawaida la chumba, elektroni zilizojinasua na kutembea huru ni kama bilioni 10 tu. Kwa hesabu za atomu hiyo ni sawa na hakuna. Sasa weka atomu 1 ya fosforasi kwa kila milioni 1 za silikoni. Fosforasi ina elektroni 5: nne zinashikana na majirani, ya tano inabaki haina kazi, inazurura. Elektroni huru zinaongezeka karibu mara milioni 5! Hiyo ndiyo aina ya n. Ukiweka boroni yenye elektroni 3, panabaki tundu. Ni kama siti tupu ya mbele kwenye daladala: abiria wa nyuma anasogea kuikalia, wa nyuma yake naye anasogea, na siti tupu inaonekana kama inarudi nyuma. Hiyo ni aina ya p.

Yaani kitu ambacho huwezi kukiona wala kukipima kwa mizani kinabadilisha kila kitu. Sasa waza hali ya watafiti wa zamani, ambao hawakujua hata kama kipo.

Faraday aliona mwaka 1833 kwamba salfaidi ya fedha inapitisha umeme vizuri zaidi ikipata joto, kinyume cha metali. Mwaka 1874 Ferdinand Braun, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Leipzig, Ujerumani (walimu oyee!), akaona kwamba fuwele za madini fulani zinapitisha umeme upande mmoja kuliko upande wa pili. Hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Kipande hiki kinakubali, kingine cha aina ileile kinakataa. Mambo yalikuwa ya ovyo kiasi kwamba mwaka 1931 Wolfgang Pauli, mmoja wa vigogo wa fizikia, alimwandikia mwenzake asijisumbue na semikondakta kwa sababu ni uchafu mtupu. Mwaka huohuo Mwingereza Alan Wilson, akiwa Leipzig palepale, akaandika nadharia inayotenganisha semikondakta safi na ile inayopitisha kwa sababu ya uchafu. Kwa hiyo iliyo safi ilizaliwa kwenye karatasi. Maabara haikuwa nayo.

Sasa tuhamie Marekani, maabara za Bell, New Jersey. Russell Ohl alikuwa anatafuta kitu cha kunasa mawimbi mafupi sana ya redio, akaing'ang'ania silikoni. Waliomyeyushia ni Jack Scaff na Henry Theuerer. Vipande vingine vilipitisha umeme upande huu, vingine upande ule. Februari 1940 Ohl akapima kipande kimoja chenye ufa, akaona kikipigwa na mwanga kinatoa karibu nusu volti. Mwezi Machi akawaonyesha wakubwa wake kwa tochi. Walter Brattain, mmoja wa waliokuwepo, alidhani anachezewa mchezo.

Maelezo yake ni matamu. Silikoni ile ilipopoa taratibu, uchafu ulijigawa wenyewe: boroni ikazidi upande mmoja, fosforasi upande mwingine, na katikati ukabaki mpaka. Ndipo majina p na n yakazaliwa. Na fosforasi waliitambuaje? Kwa pua! Walipokata silikoni ya aina ya n walisikia harufu kama ya taa ya kabaidi. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno kwa vipimo vyao, ila pua ikakidaka. Mimi nikipata darasa langu nitaanzia hapa, kwenye kipande chenye ufa na ile harufu. Ufafanuzi wa kukariri utafuata.

Transista ya kwanza, ya John Bardeen na Brattain, Desemba 1947, ilitumia jemaniamu ya aina ya n. Kutengeneza moja inawezekana hata kwa bahati. Kutengeneza elfu zinazofanana hakuwezekani kama hujui ndani mna nini. Ndipo usafi ukawa lazima. William Pfann, aliyeingia Bell kama msaidizi wa maabara na kusoma digrii yake jioni baada ya kazi, mwaka 1952 alichapisha njia yake. Unayeyusha sehemu nyembamba tu ya mche wa jemaniamu, halafu unausogeza ule myeyuko kutoka mwanzo hadi mwisho. Uchafu mwingi unapenda kubaki kwenye kimiminika, kwa hiyo unasukumwa mbele, kama unavyopiga deki bwenini ukiswaga maji machafu kuelekea mlangoni. Rudia, rudia tena, kisha kata ile ncha chafu utupe. Uchafu ulishuka chini ya atomu 1 katika bilioni 10. Hapo sasa mtu angeweza kuanza na safi, akatia kiasi anachotaka yeye, mahali anapotaka yeye.

Mwaka 1954 maabara hizohizo zikaonyesha seli ya sola ya silikoni: Calvin Fuller aliingiza boroni kwa joto kwenye silikoni ya aina ya n, na seli ikageuza kama asilimia 6 ya mwanga wa jua kuwa umeme. Mpaka wa p na n kama ule wa kipande cha Ohl, safari hii umewekwa makusudi. Ndio uliomo kwenye paneli za silikoni zilizoko juu ya mabati kule vijijini kwetu.

Haya, kantini wanafunga saa mbili. Tuonane wikiendi.