Mwendo wa maji ubongoni wafichua maradhi ya kusahau

MZEE anapoanza kusahau majina ya wajukuu wake, au kupotea katika njia aliyoizoea tangu ujana, jamaa zake husema ni uzee tu. Yamkini ubongo wake umekuwa ukiharibika kwa miaka mingi kabla ya dalili hizo kujitokeza, na hata picha ya kawaida ya MRI huenda isionyeshe kasoro ya wazi.

Ubongo una sehemu kuu mbili. Sehemu ya kijivu ndiyo yenye viini vya chembe za neva, ilhali sehemu nyeupe ni mafungu ya nyuzi zinazosafirisha ujumbe kutoka pembe moja ya ubongo hadi nyingine. Weupe huo hutokana na mayelini, utando wa mafuta unaozifunika nyuzi hizo mithili ya mpira unaofunika waya wa umeme.

Mbinu ya kuzichunguza hutegemea mwendo wa maji. Molekuli za maji hazitulii kamwe. Katika glasi, hutawanyika pande zote sawasawa. Katika sehemu nyeupe, huwa kama zimo ndani ya fungu la mirija: huteleza kwa urahisi zikifuata urefu wa nyuzi, lakini huzuiwa zikijaribu kukatiza.

Mgonjwa hulazwa ndani ya mashine ya MRI, isiyotumia miale ya eksirei, na nguvu za sumaku huelekezwa pande mbalimbali. Pale maji yanaposogea kwa wingi, ishara hufifia. Kompyuta hulinganisha pande hizo na kutoa kipimo cha kati ya 0 na 1. Kinachokaribia 1 humaanisha maji yanafuata mkondo mmoja. Kinachokaribia 0 humaanisha yanatapakaa kila upande. Kwa kawaida nyuzi zinapopungua, au mayelini inapoharibika, kipimo hushuka.

Msingi wa mbinu hii uliwekwa katika miaka ya 1980 na Denis Le Bihan, daktari na mwanafizikia wa Ufaransa. Mnamo 1994 yeye, Peter Basser na James Mattiello walichapisha hesabu zilizowezesha kupima mwelekeo wa nyuzi zenyewe.

Tangu hapo, watafiti wamegundua kwamba kila maradhi yana njia zake. Katika Alzheimer, huathirika hasa nyuzi zinazounganisha maeneo ya kumbukumbu. Katika ALS, maradhi yaliyompata mwanafizikia Stephen Hawking, huathirika nyuzi zinazoshuka kutoka ubongoni kuelekea uti wa mgongo, ambazo huamrisha misuli. Aidha, watu waliorithi jeni ya maradhi ya Huntington wameonekana kuwa na mabadiliko katika sehemu nyeupe kabla ya dalili kuanza.

Hata hivyo, picha hii si hukumu. Mahali nyuzi zinapopishana, kipimo hushuka hata kwa mtu mwenye afya. Vilevile hushuka kwa sababu ya umri na shinikizo la damu, na mgonjwa akitikisa kichwa picha huvurugika. Tofauti zinazoonekana wazi baina ya makundi ya watu hazitoshi kumwambia mtu mmoja kwamba anaugua. Ndiyo maana hospitalini picha za mwendo wa maji hutumika zaidi kutambua kiharusi, huku kwa maradhi ya kusahau zikiwa hasa chombo cha utafiti.

Daktari hana budi kumhoji mgonjwa na jamaa zake, kupima kumbukumbu na kuchunguza damu, kwani upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo pia huleta usahaulifu, nao hutibika.

Thamani ya kugundua mapema imeongezeka. Mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu lecanemab, dawa inayopunguza kasi ya Alzheimer ikiwa katika hatua za mwanzo. Dawa hiyo haiponyi, wala hairejeshi nyuzi zilizokwisha kufa. Kwa hivyo, kila mwaka unaopotea familia ikidhani ni uzee tu ni mwaka usioweza kurudishwa.