Gharama ya Kumtibu Mtumiaji wa Unga: Historia Yatufunza Nini?

Leo nakuletea swali ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara ninapowatembelea nyumbani: "Sista, nimeuza mbuzi na dhahabu yangu ili mwanangu aache unga. Alikaa kituoni miezi mitatu, akatoka, akarudia. Je, nilitupa pesa?" Kabla sijalijibu, turudi nyuma kidogo.

Heroini, ambayo sisi huiita unga, ilianza kuenea Pwani yetu miaka ya 1980. Wakati huo familia haikuwa na pa kukimbilia. Kijana alifungiwa chumbani mpaka arosto imwishe, au alipelekwa kwa mganga, au aliishia jela. Pesa zilikwisha, naye akarudi maskani. Katikati ya miaka ya 1990, Omari Project ilianza kuwahudumia watumiaji huko Malindi. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini wagonjwa walikuwa wengi kuliko nafasi.

Kumbe dawa ya kusaidia ilishajulikana mbali. Mwaka wa 1965, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walitangaza matokeo ya wagonjwa 22 waliopewa methadoni kila siku. Hamu ya heroini ilipungua. Wako waliorudi shuleni, wako waliopata kazi. Methadoni hunywewa na hukaa mwilini siku nzima. Kwa kipimo sahihi, humkinga mgonjwa na arosto bila kumlewesha. Hapo uraibu ukaanza kutazamwa kama maradhi ya muda mrefu, mfano wa kisukari.

Na gharama je? Mwaka wa 1994, utafiti uliofanywa katika jimbo la California, Marekani, ulionyesha kwamba kila dola 1 iliyotumika kutibu uraibu iliokoa takriban dola 7, hasa kwa sababu uhalifu ulipungua. Mama, hesabu hiyo waijua hata bila kalamu. Kumbuka redio iliyouzwa, simu ya jirani uliyoilipa, na siku ulizofunga kibanda ukaenda kituo cha polisi. Hayo yote ni gharama ya kutotibu.

Mwaka wa 2005, Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni katika orodha ya dawa muhimu. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka wa 2011. Hapa Kenya, Hospitali ya Mathari ilianza Desemba 2014, na Malindi ikafuata Februari 2015. Dawa ilitolewa bila malipo kwa msaada wa wafadhili. Hata hivyo, mgonjwa alihitajika kufika kliniki kila siku, na nauli iliwashinda wengine.

Sasa nikujibu, mama. Hukutupa pesa. Ile miezi mitatu ilikuwa mwanzo wa safari. Mgonjwa wa kisukari sukari ikipanda tena, hatumfukuzi. Tunamrudisha kwa daktari. Historia yatuonyesha kwamba thamani ya matibabu haitokani na bei ya kituo, bali hutokana na kuendelea nayo.

Kwa hivyo, kabla ya kuuza kitu, fanya haya:

1. Uliza kwanza hospitali ya serikali iliyo karibu nawe kuna huduma gani.
2. Ukienda kituo cha kulipia, uliza: akitoka, nani atamfuatilia?
3. Tenga pesa za nauli na ushauri wa baadaye. Usimalize zote mwezi wa kwanza.
4. Akirudia, mrudishe kwenye matibabu upesi. Mwili uliopumzika hauhimili kipimo cha zamani, na hapo ndipo wengi hufariki.

Mlango wako usiufunge. Hadi kipindi kijacho, mimi muuguzi wako nakutakia afya njema na subira. Kwaheri.